Theluji Niliyoomba Kuonyeshwa

Binti yangu alipofikisha siku ya tatu Finland, nilimwomba anionyeshe theluji. Wazo lilikuwa langu. Nalisema mapema kwa sababu baadaye mama yake alitaka kujua lilikuwa la nani.

Alikuwa amekwenda kusoma shahada ya pili. Siku ya kwanza alitupigia kusema amefika, ya pili alishinda amelala. Siku ya tatu alipiga saa sita mchana, mimi nikiwa karakana hapa Buswelu, nachomelea geti la mama mmoja muuguzi mstaafu, mwenyeji wa Bukoba, ambaye alikuwa anajenga Buhongwa. Mwenyewe alikuwepo, amekaa kwenye benchi chini ya bati. Nilishamwahidi geti mara mbili na mara zote mbili alikuta halijaisha, kwa hiyo siku hiyo alikuja kunisimamia.

Nikavua miwani ya kuchomelea, nikapokea. Ilikuwa ya video. Binti yuko chumbani kwake, amejifunga kitenge juu ya suruali ya kulalia. Alisema mkate wa kule ni mweusi na mchachu. Alisema tangu afike hakuna mtu aliyemsalimia. Wakipishana kwenye ngazi wanatazama viatu vyao. Laini ya simu ya kule alikuwa hajapata, alitumia mtandao wa lile jengo la wanafunzi. Nikatafuta la kumchangamsha.

"Hebu nionyeshe hiyo theluji, mama," nikamwambia.

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Akatoka alivyo, na sweta yake na kandambili. Nikamwona anashuka ngazi, anasukuma mlango mkubwa wa chini, kisha kioo cha simu yangu kikawa cheupe chote. Nikamwita yule mama aje naye aone. Binti akamwamkia, akachota theluji kwa kiganja, akaipuliza. Nyuma yake nikasikia mlango ukijibamiza, halafu mlio mdogo wa chuma. Milango ndiyo kazi yangu. Niliujua ule mlio kabla hajageuka: kitasa cha kujifunga chenyewe.

"Baba," alisema, "ufunguo uko kitandani."

Mwanzoni hatukuogopa. Nilimwambia agonge, akagonga. Pembeni kulikuwa na vitufe vya kengele vyenye majina ya watu asiowajua, akabonyeza vyote. Kimya. Nadhani wote walikuwa madarasani. Mlangoni palikuwa pamebandikwa karatasi ya lugha ya kule, yenye namba ya simu, lakini bila laini asingeweza kuipiga. Akanisomea, nikaiandika kwa chaki kwenye bomba la chuma. Nikaipiga kwa simu ya yule mama. Nikaambiwa namba hiyo haipo. Nikaongeza mbele tarakimu za nchi ile kama nilivyozikumbuka, nikaambiwa vilevile.

Yule mama akauliza baridi ni kiasi gani. Binti akasema asubuhi simu yake ilionyesha hasi kumi na nne. Baridi aliyokuwa akiijua binti ni ya upepo wa alfajiri wa ziwani, kwenye kivuko cha Kamanga. Mimi pale jasho lilikuwa linanidondoka kidevuni, na bati juu yetu lilikuwa linalia kwa jua.

Yule mama alichukua simu mkononi mwangu, akaanza kumwelekeza kwa sauti ambayo bila shaka aliitumia wodini miaka yote: asisimame mahali pamoja, arukeruke, mikono aitie kwapani, kitenge akivue ajifunge kichwani na masikioni. Binti akafanya vyote. Nikaziona kandambili zake za bluu zikiruka kwenye kile cheupe, moja inaonekana, moja imeshazama. Baada ya muda akasema vidole vya miguu vimekufa ganzi.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba chache. Yule mama akamwambia aende huko akabishe hodi. Binti akajaribu. Hakufika mbali, picha ikaganda, kisha nikamwona tena mlangoni, anahema.

"Mtandao unaishia hapa," alisema. "Siendi, Baba. Nikienda huko hutanipata."

Hapa niseme ukweli. Mimi pia nilitaka abaki. Niliona kama ilimradi namwona, hakuna kitakachompata. Akasema simu yake imebakiza chaji asilimia sita. Yule mama alinirudishia simu, akanitazama, akangoja.

"Nenda, mama," nikasema. "Mimi huku sina msaada. Nenda ukagonge nyumba yoyote."

"Subiri kidogo, Baba."

"Nenda."

Nikakata mimi mwenyewe.

Kilichofuata ni muda ambao sijui niueleze vipi. Nilishika mashine ya kuchomelea, nikaiweka chini. Nilipiga simu yake, haikupatikana, nikapiga tena. Ndege ilipita juu yetu ikienda kutua uwanjani, nami nikaikodolea macho mpaka ikapotea nyuma ya vilima vya mawe. Mke wangu akapiga kutoka Magu, alikokuwa anamuuguza mama yake, akauliza kama mtoto amepiga leo. Nikasema amepiga, hajambo, anatusalimia. Yule mama alinisikia nikidanganya, akageuza uso. Hakuondoka. Alitoa rozari kwenye mkoba, akawa anasali taratibu. Mimi si Mkatoliki, lakini nilihamisha kiti nikakaa karibu naye.

Ilikuwa saa nane imepita kidogo ilipoingia namba ndefu nisiyoijua. Nilipopokea nikasikia sauti ya bibi kizee, maneno ambayo sikuambulia hata moja. Halafu binti.

"Nipo ndani, Baba."

Alikuwa amegonga nyumba mbili zisifunguliwe. Ya tatu alifungua bibi mmoja, akamtazama miguuni, akamvuta ndani kwa sweta bila kuuliza kitu. Alimtumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akamfunika blanketi, akampa supu ya samaki iliyotiwa maziwa. Hawakuwa na lugha moja. Huyo bibi ndiye aliyempigia mtu wa funguo za lile jengo, na mtu huyo alikuwa njiani.

Niliomba nimshukuru. Binti akampa simu. Nikasema asante mama, asante sana, na nilipoona maneno yameniishia nikajikuta nasema shikamoo. Naye akasema ya kwake, marefu, kwa sauti ya chini. Nikaitikia "ndiyo" kila alipopumzika.

Yule mama wa Bukoba akajifuta uso kwa khanga, akaniuliza geti litakuwa tayari lini. Nikasema Jumatatu. Akasema atakuja Jumatano.

Mke wangu alirudi kutoka Magu Jumapili, akiwa ameshaelezwa yote na binti. Sikugombezwa kwa kumdanganya. Aliuliza tu nani alimwambia mtoto atoke nje, nikasema ni mimi. Aliendelea kutoa vitu kwenye mfuko, kisha akaniambia vidole viwili vya mguu wa kushoto vimebabuka ngozi. Binti hakuwa ameniambia hilo.

Wiki iliyofuata binti alipiga akasema ana homa. Nikamwambia anywe maji mengi. Akasema ameshakunywa. Nikamuuliza kama amekula, akasema amekula. Nikamwambia alale, na ufunguo auvae shingoni.