Pamba Ndani ya Kopo la Dawa

Kopo la dawa za shangazi yangu halikuwa likisikika. Kila alipotoka kliniki na dawa zake za kufubaza virusi vya Ukimwi, alibandua karatasi yenye jina la dawa, akashindilia pamba juu ya vidonge, kisha akalifukia kopo kwenye debe la mchele wa vitumbua. Wengi hapa Bagamoyo hufanya hivyo. Kopo likicheza mkobani, jirani anajua unachomeza.

Ndiyo maana alipoacha kumeza hakuna aliyejua. Niligundua siku moja nilipokwenda kwake, mtaa wa Dunda, na kumsaidia kuchota mchele. Mkono uligonga kopo, kisha jingine, kisha jingine. Yote yamejaa.

"Shangazi, hizi mbona hujameza?"

"Askari wangu wameamka, mwanangu," akasema huku akigeuza vitumbua. "Za nini tena?"

Habari aliitoa sokoni. Muuza unga wa mlonge alikuwa ametangaza kwa kipaza sauti kwamba wataalamu wameamsha askari wa mwili, nao wamevifukuza virusi mafichoni. Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Mimi ni mwandishi wa habari, na taarifa hizo nimezisoma. Watafiti wanajaribu kuzipa nguvu chembe za kinga tunazozaliwa nazo, ziviwinde virusi vilivyojificha pale ambapo dawa haziwezi kuvifuta. Wamejaribu kwa tumbili, wenye virusi vya jamii moja na hivi vyetu. Vilivyojificha vilipungua. Havikwisha. Wala hakuna tumbili aliyelambishwa mlonge.

Nilimfuata muuza unga sokoni.

"Hao tumbili walikula unga wako?"

Watu wakacheka. Akashusha kipaza sauti. "Kaka mwandishi, usinitilie mchanga kitumbua changu. Nimemwambia nani aache dawa? Mimi nauza unga. Walioacha wameacha wenyewe."

Wenyewe! Umwambie mtu mwizi keshakimbia, kisha umlaumu kwa kulala mlango wazi. Na kliniki je? Miaka yote hiyo shangazi anaambiwa meza, rudi siku fulani. Hakuna aliyemkalisha akamweleza kwamba virusi kutoonekana kwenye kipimo siyo kuisha. Habari za mafichoni akazipata kwanza kwa mwenye kipaza sauti.

Nilimpeleka shangazi kliniki. Nesi alimtoa damu, akamrudisha kwenye dawa, akasema vipimo ndivyo vitakavyoonyesha kama bado zinavidhibiti virusi.

"Na zikigoma?" shangazi akauliza.

"Zipo nyingine, bibi. Tusubiri kwanza."

Njiani alitoa kopo mkobani, akachomoa pamba, akanipa nikaitupe. Kopo likaanza kucheza mkobani.

"Watasikia, shangazi."

"Wasikie. Na wewe usikie. Siku likinyamaza, njoo uniulize."

Majibu bado hayajatoka. Ijumaa iliyopita nilipita sokoni. Kipaza sauti ni kipya, na askari ni walewale, wanaamshwa tena.