Dirisha la Tatu

Chuo kikuu kilinifundisha kuuliza kwa nini. Kazi yangu ya kwanza ilinifundisha kwamba swali hilo haliwapendezi wenye tai. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa naandika programu katika kampuni moja ya Industrial Area, eneo la viwanda. Kampuni ilikuwa na zahanati ya wafanyakazi na jamaa zao, huku kwetu Eastlands, wazi usiku na mchana. Wagonjwa waliandikishwa kwa kompyuta.

Programu ilinunuliwa ng'ambo. Ilimtambua mtoto kwa jina la mwisho: lisipolingana na la baba, skrini inamkataa. Nani aliiambia kwamba kila mtoto hurithi jina la baba? Jirani yetu wa mtaa wa Kaloleni, fundi wa gereji ya kampuni, alikuwa amempa bintiye majina ya nyanya yake mzaa baba, kama desturi ya kwao inavyotaka. Binti alikuwa na pumu. Mara mbili alirudishwa nyumbani akihema.

"Kompyuta inasema si wangu," fundi aliniambia. "Wewe ndiye msomi wa mtaa. Hebu iulize ni wa nani!"

Nikaandika marekebisho: mtoto atambuliwe kwa nambari ya kazi ya mzazi. Mkuu wangu aliyasoma, akayasifu, akayatia kwenye droo.

"Tutayaweka mfumo ukiwa hautumiki."

"Lini, Mzee? Zahanati haifungwi."

"Basi tumngoje mtaalamu wa ng'ambo. Chombo kinachofanya kazi hakiguswi, kijana."

"Kinamfanyia nani kazi?"

Akafunga droo. Nikamwambia fundi amlete mtoto Jumatatu, nami nikaenda zahanati asubuhi, foleni ikiwa imefika langoni. Wenzangu walinishauri ningoje usiku. Kwa nini? Usiku kosa hujificha hadi kuche. Mchana mgonjwa atakupigia kelele papo hapo. Programu ya zamani sikuigusa. Niliiweka mpya kando yake, nikaiunganisha na skrini moja tu kati ya madirisha matatu ya makarani, ya dirisha la tatu. Ikikosea, karani angerudi kwenye ya zamani, na foleni isingesimama.

"Ikinilipukia, nakutaja," karani alinionya.

"Nitaje kwa sauti, dada."

Akaandikisha watu kadhaa. Haikulipuka. Nikampungia fundi mkono, akaja na bintiye mgongoni, kifua kikikoroma. Karani akaandika nambari ya baba. Skrini ikakubali, na muuguzi akampeleka mtoto ndani moja kwa moja.

Mkuu aliwasili saa ya chai, akihema kuliko mgonjwa. "Nani alikuruhusu? Rudisha ile ya zamani, sasa hivi!"

Nikamsogezea kiti cha mbele ya kompyuta. "Irudishe wewe, Mzee. Lakini waeleze hawa kwanza."

Foleni yote ilikuwa imehamia dirisha la tatu, akina mama na watoto wenye majina ya nyanya na babu zao. Wote walimtazama. Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kiti hakukikalia.

Alasiri, bila kumwomba mtu ruhusa, nikaunganisha madirisha mawili yaliyobaki.