Ukurasa wa Mwisho Uliofungia Sambusa

Asubuhi za nyumbani kwetu Biryogo, mtaa wa Kigali, zilinuka kitunguu, bizari na mafuta yaliyokwisha kupata moto. Mama alikaanga sambusa barazani na baba alishona kanzu chumba cha mbele, kwa hiyo mwaka ule wa 1992 nilifika shuleni kila siku nikiwa na harufu ya jikoni kwenye sweta na vipande vya nyuzi kwenye sketi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Masomo karibu yote tulifundishwa kwa Kifaransa. Kiingereza kilikuwa somo la pembeni, na mwalimu wetu wa kwanza alitunakilisha vitenzi ubaoni mpaka kengele inalia, nusu ya darasa ikiwa imesinzia.

Kisha akaja Madamu Anastazia, Mhaya wa Bukoba aliyeolewa Kigali, mfupi, mwenye sauti iliyosikika mpaka uwanjani. Kifaransa chake kilikuwa kibovu kuliko Kiingereza chetu, na kwa hilo tu tulimpenda. Alikuwa na kitabu kimoja cha hadithi, kimoja kwa wanafunzi thelathini na tisa, kuhusu ndugu wawili wazee waliogombania saa ya ukutani ya marehemu baba yao. Siku moja alikiinua mbele yetu, akakipasua mgongo, akaanza kugawa majani yake. Tulitazamana kama watoto waliomwona mgeni akivunja sahani kwa makusudi. Kila wanafunzi wawili walipata jani moja. Kazi yao ilikuwa kulielewa, kisha kulifundisha darasa kwa namna yoyote waliyotaka: kuigiza, kuchora, kubishana. Walichokatazwa ni kusoma tu na kukaa. Jani la mwisho nilipewa mimi peke yangu, na nikaamriwa nisimwambie mtu neno lake lolote mpaka zamu yangu ifike.

Sijawahi kuwa na marafiki wengi kama wiki zile. Walionipita bila salamu sasa walinibebea mkoba. Wavulana walikuja kununua sambusa kwetu, wakazila taratibu, wakiuliza kana kwamba hawajali kama mzee mdogo ndiye atakayeshinda. Waliokuwa wakisinzia sasa waligombana mapumziko mazima juu ya ndugu wawili wa Ulaya wasiokuwepo duniani, huku neno la Kiingereza la saa, clock, kila mmoja akilitamka kivyake, r na l zikibadilishana viti. Nilinyamaza kwa heshima kubwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeelewa upande wa kwanza tu, ambako hakimu anafungua kinywa kutoa hukumu. Upande wa pili ulikuwa na maneno magumu, nikauahirisha.

Mkuu wa shule hakufurahi. Kwake yeye, mwalimu anayechana kitabu ni hatari kwa samani zote. Alimwambia Madamu, mbele yetu, kwamba inspekta anakuja Ijumaa, na jani moja tu likikosekana atamwomba inspekta huyo amwondoe Madamu shuleni. Na Ijumaa ndiyo ilikuwa zamu yangu.

Alhamisi mchana niliacha jani barazani nikaenda kunawa mikono nile. Niliporudi, halikuwepo.

"Mama, karatasi yangu iko wapi?"

"Ile ya Kizungu? Nimemfungia dereva wa gari la Remera sambusa."

"Mama, ile ni ya shule."

"Iliandikwa pande zote mbili, mwanangu. Nikajua imeshatumika."

Nilikimbia hadi barabarani, lakini gari lilikwisha kuondoka na mwisho wa hadithi ukiwa na mafuta. Nikarudi nikakaa chini ya meza ya baba, nikalia. Baba hakuinua macho kwenye cherehani. "Mteja akipoteza mkono wa kanzu, namkatia mwingine," alisema. "Kata na wewe."

Nikachana karatasi ya daftari, ile yenye viboksi vya hesabu, nikaipunguza kwa mkasi wake ifanane na jani la kitabu, nikaandika. Katika hadithi kulikuwa na dada wa wale wazee aliyepika na kufua katika kurasa zote bila mtu kumuuliza jambo. Nilimpa yeye mwisho.

Ijumaa inspekta alikaa mbele, mwanamume mnene mwenye kalamu mbili, ambaye baada ya dakika tano tuligundua kwamba hajui Kiingereza hata kidogo. Alicheka kila tulipocheka, akichelewa kidogo. Mwanafunzi mmoja, Emanweli, na mwenzake waliigiza ndugu wale kwa kuvutania mkoba badala ya saa. Kamba ikakatika, Emanweli akaangukia miguuni pa inspekta. Inspekta hakumsaidia kuinuka. Alisimama, akauliza kwa Kifaransa, "Sasa saa kachukua nani?"

Darasa zima likanigeukia. Nilisimama nikasoma kwamba hakimu alipofungua kinywa, dada aliingia na kusema saa ameiuza sokoni, na amenunua cherehani. Mwenzangu mmoja alimtafsiria inspekta, naye akapiga meza kwa kiganja, akasema ndivyo ilivyompasa. Madamu alinyoosha mkono, akachukua karatasi yangu, akaviona viboksi. Mkuu wa shule alikuwa mlangoni. "Jani la mwisho," Madamu alisema, akalikunja. "Yote yamerudi."

Baadaye nilimweleza kila kitu. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaniadhibu: nikishone upya kitabu kizima, viboksi vikiwemo. Wiki iliyofuata kila mwanafunzi aliandika mwisho wake mwenyewe. Sikuwahi kujua wa kweli.

Vita vilipozidi, mume wa Madamu alimrudisha Bukoba, na mwaka 1994 ukachukua wengi wa darasa lile. Baadhi ya sauti zile nazisikia kumbukumbuni tu.

Leo nafundisha fasihi ya Kiingereza Remera. Wanafunzi wangu wanazungumza Kiingereza ambacho Madamu angekitungia wimbo, kila mmoja ana kitabu chake, na mwisho wa hadithi huwa wameshausoma kwenye simu kabla sijafungua dirisha. Siwalaumu. Ila juzi niliwaambia wafunge vitabu na simu, waandike wao. Msichana mmoja mkimya, ambaye tangu Januari hakuwahi kunyoosha mkono, alisimama na sentensi tano, nyakati za vitenzi zote zimepinda. Kalamu yangu nyekundu ilikuwa mkononi. Nikaiweka mfukoni, nikamwomba aanze tena, polepole, ili na wa nyuma wasikie.