Evarista na Picha ya Kumi na Mbili

Kwaresima ya mwaka tisini na tisa, gari la parokia lilishusha picha kumi na moja katika kigango cha Daa. Zilikuwa zimebandikwa kwenye mbao nyembamba, kila moja pana kama mlango wa kabati. Zilitoka Arusha na zilikuwa zikizungushwa kigango kwa kigango, waumini waone jinsi watu walivyotengwa na kuteswa na watu wenzao tangu zamani. Katekista Martini alizitundika ukumbini, na Evarista, mfagizi wa kanisa, ndiye aliyemshikia misumari.

Kufagia kanisa ndiyo kazi pekee aliyokuwa amebakiziwa, kwa kuwa mtu hufagia bila kugusa chakula cha mwenzake. Miaka sita nyuma mwanawe Josephati alikufa angali ananyonya. Kwa desturi ya kale ya Wairaqw, mama aliyefiwa hivyo hukaa meeta: hujitenga, haingii nyumba za watu, hachangii moto wala maji na mtu, mpaka ashike mimba nyingine. Koo nyingi zilikwisha kuiacha desturi hiyo. Ukoo wa mumewe haukuiacha. Na mimba angeitoa wapi? Wilibrodi, mume wake, alikwenda Mang'ola kulima vitunguu mwezi wa tatu baada ya msiba, akapata mwanamke huko, akanogewa. Sasa Evarista alikuwa na miaka arobaini na minne. Meeta yake ilikuwa imekosa siku ya kwisha.

Wenzake walichota maji juu, kwenye jicho la kisima. Yeye alichota chini, maji yakishapita miguuni mwa ng'ombe. Ndoo yake wifi yake Germana aliipaka mstari wa rangi nyekundu, ili mtoto wa mtu asiichukue kwa bahati mbaya.

"Hii ni ya watu wa wapi?" Evarista alimuuliza Martini, akiwa ameshika ufagio mbele ya picha ya nne.

"Ulaya. Hao walishonewa nyota kwenye makoti ili wajulikane."

"Wajulikane kwa kosa gani?"

"Kwa kuzaliwa tu, mama."

Akasogea. Watumwa waliofungwa nira shingoni, mstari mrefu, wa mwisho wao mwanamke aliyegeuza uso nyuma. Watu wa Rwanda barabarani, magodoro vichwani. Hao hakuhitaji kuelezwa, redio ya jirani ilikuwa imemfikia uani kwake mwaka ule. Kisha akafika kwenye picha ya saba, akasimama muda mrefu. Mabomba mawili yalikuwa ukutani. Moja lilikuwa kubwa na safi. La pili lilikuwa dogo, limeshushwa, na mzee mweusi mwenye kofia alikuwa ameinama akinywa.

"Na huyu wa bomba la chini, alifiwa na mtoto gani?"

Martini alicheka, kisha akaona kuwa mwenzake hacheki. "Hakufiwa. Huko Marekani walitenga weusi na weupe. Maandishi haya ndiyo yanayosema."

"Sijui kusoma, lakini hii nimeisoma," akasema Evarista, akaendelea kufagia.

Sasa, wiki hiyohiyo, mafundi walikuwa wanachimba mtaro kutoka tangi jipya la mradi wa maji kuja kitongojini. Bomba lingefunguliwa Jumatatu ya Pasaka, karibu na duka, watu waache kushuka kisimani. Evarista alikuwa amechimba mtaro siku nne kama kaya nyingine zote. Alichimba peke yake, hatua ishirini kutoka kwa wenzake, lakini alichimba. Siku ya tano aliona mtaro mdogo ukichepuka kuelekea kwenye josho la ng'ombe. Akamuuliza fundi ni wa nini.

"Wa mama mmoja mwenye matatizo yake," fundi akajibu. Hakuwa mtu wa hapo. "Kamati imesema apewe koki yake kule chini."

Evarista alimfuata Martini ukumbini, kwani Martini alikuwa katibu wa kamati ya maji.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Mama, tukae tuongee."

"Sikai. Uliandika?"

Martini alivua miwani. "Niliandika, lakini kwa nia njema. Germana na wazee walitaka usihesabiwe kabisa. Mimi nikapigania upate koki yako mwenyewe. Hutapanga foleni, hutanuniwa na mtu. Ni heshima, ukiangalia vizuri."

Evarista alinyoosha ufagio, akagusa kwa ncha yake picha ya saba, pale kwenye bomba dogo. "Huyu naye hakupanga foleni."

Katekista alivaa tena miwani yake. Alikuwa mtu mzuri, na hilo lilimchoma Evarista kuliko matusi ya Germana. Kila Ijumaa alisimama mbele ya picha hizi akiwafundisha watu wasitengane, kisha akaenda kwenye kikao akashika kalamu.

Kulalamika kwa wazee hakungefaa kitu, alikwisha kujaribu. Mwenyekiti wa kitongoji alimwambia mambo ya ukoo yamalizwe na ukoo. Kwa hiyo siku ya mnada alitoka kabla jua halijachomoza, debe la maharage kichwani, akatembea mpaka Karatu mjini. Joel, Mchagga mwenye studio ya picha nyuma ya gereji, alikuwa mlangoni akifuta vumbi la magari ya watalii yaliyokuwa yanapanda kwenda Ngorongoro.

"Karibu mama. Picha ya paspoti?"

"Nataka unipige nikichota maji. Kwetu, Daa."

"Daa? Mama, mimi na Daa wapi na wapi?"

"Watu wanatoka kwao kwa ndege, wanashuka mpaka kreta, kumpiga picha faru. Mimi niko karibu kuliko faru, na sikimbii."

Joel alicheka mpaka akaegemea mlango. Ilikuwa bahati kwamba alikuwa na ahadi ya kuwapiga picha darasa la saba katika shule ya Daa siku ya Alhamisi. Alipokea maharage, akauliza jambo moja tu: "Nikupige umejipamba?"

"Nipige nilivyo. Na uwapige wanaosimama juu yangu. Bila wao haifai."

Alhamisi Joel alifika kisimani na kamera shingoni. Wanawake walipoiona walijitengeneza. Mmoja alifunga kitenge upya, na Germana akashika kiuno, akainua kidevu, akidhani anapigwa yeye. Joel alikuwa amepiga magoti ng'ambo ya matope. Alipiga mara tatu.

Picha ilirudi kutoka Arusha mkesha wa Jumapili ya Matawi. Ilikuwa ndogo kuliko zile za ukutani, ukubwa wa daftari, lakini ilitoka vizuri mno. Juu, wanawake sita wenye ndoo safi, na Germana katikati yao kama bibi harusi. Chini, ng'ombe watatu. Chini ya ng'ombe, Evarista ameinama, ndoo yake yenye mstari mwekundu mbele yake. Kulipokucha Evarista aliipigilia misumari kando ya picha ya saba. Martini alimwona.

"Mama, hii si ya mkusanyiko wa parokia."

"Iondoe basi."

Martini aliisogelea. Alisimama hapo, mikono nyuma, mpaka kengele ya kwanza ikalia. Kisha akaenda kuvaa kanzu yake, na picha ikabaki.

Baada ya misa watu waliingia ukumbini, matawi mikononi. Walianza kwa kicheko. "Eh, tumekuwa wazungu, tumetundikwa." "Tazama Germana alivyosimama, kama anauza kisima." Kisha mtu akatazama picha ya saba, akarudi kwenye hii, akarudi tena kule. Kicheko kikapungua. Mzee Hhando, mkubwa wa ukoo, aliombwa kupisha, hakupisha.

Germana alipenya mpaka mbele. "Nani kaiweka hii?"

"Mimi," akasema Evarista kutoka mlangoni. Hakuwa akiingia watu wakiwamo.

"Unatuaibisha mbele ya kanisa?"

"Sijaongeza kitu, wifi. Hata mkono huo kiunoni ni wako."

Martini ndiye aliyezungumza baada ya hapo. Alisema yeye ndiye aliyeandika koki ya josho, na ataifuta. Wazee walinung'unika kwamba desturi haifutwi kwa kalamu. Mzee Hhando alitoka bila kusema ndiyo wala hapana. Hapakuwa na kura, hapakuwa na uamuzi. Mtaro mdogo ukakaa wazi wiki nzima, fundi asijue afukie au alaze mpira wa maji.

Evarista hakungoja ajue. Jumatatu ya Pasaka, diwani alipokwisha kufungua koki na kwenda zake, wanawake walipanga ndoo. Evarista alikuja na yake, mstari mwekundu ukiwa palepale, akaiweka nyuma ya ndoo ya mwisho. Foleni ikavunjika. Tisa walibeba ndoo tupu wakashuka kisimani. Wawili walibaki, wakitazama pembeni. Zamu yake ilipofika alichota, akajitwika, akaenda.

Jumanne waliokwenda kisimani walikuwa sita. Jumatano mvua ilinyesha, njia ya kisima ikawa utelezi mtupu, na magoti ya watu wazima si ya mbuzi. Alhamisi asubuhi Germana alikuja kwenye koki. Alisimama nyuma ya Evarista, akasonya, akasubiri. Maji yalikuwa yanatoka taratibu.

"Sogeza ndoo yako, Evarista, umeziba njia," akasema mwishoni. "Watu wengine wana kazi."

Miaka sita hakuwa amemsemesha hivyo, kwa hasira ya kawaida ya mtu kwa jirani aliyemtangulia kwenye foleni. Evarista alitazama ndoo yake imefika nusu. Hakugeuka.

"Ngoja zamu yako," akasema, akaiacha ijae mpaka ukingoni.