Siku Mohoro Ilipokunywa Maji ya Salha

Jamani, mimi nikiona dumu jeupe mpaka leo shingo inaingia mabegani kama kobe. Wenzangu mna aibu zenu za kuteleza sokoni na kukamatwa mnakula mchana wa Ramadhani, hizo ndogo, mtu unajifuta vumbi unaendelea na safari. Mimi aibu yangu niliwanywesha watu, kikombe baada ya kikombe, wamesimama wameelekea kibla na machozi yanawatoka, na aliyeshika dumu ni mimi Zuhura.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu baada ya zile foleni za sabuni na sukari, ukienda Dar unakuta mpaka maji yanauzwa kwenye chupa za plastiki. Mimi nilikuwa nauza chai na vitumbua stendi ya Ikwiriri (likumbukeni hilo, muuza chai), lakini kwetu hasa ni Mohoro, ng'ambo ya mto, ambako mama alikuwa anaishi. Dada yangu Rehema aliolewa Maskati, akazaa huko mtoto wa kike, Salha, na mtoto huyo alikuwa ametoka hospitali karibuni baada ya kuumwa tumbo mpaka akabaki macho na masikio. Sasa dada akaamua amlete kwao, bibi yake amwone, tumsomee na maulidi ya kushukuru. Daktari wa huko alimwambia neno moja tu: mtoto huyu asinywe maji ya ovyo, tumbo lake halitastahimili mara ya pili.

Dada akatuma salamu kwa kondakta wa basi: "Mwambie Zuhura, maji ya Salha namwachia yeye."

Nikavimba kichwa. Nikavuka kwenda Mohoro kabla yao, nikayakagua maji ya kwetu kama bwana afya. Mto ulikuwa umejaa masika, maji rangi ya chai ya maziwa, miti mizima inapita na mizizi yake, nikasimama pale ukingoni nikaogopa, maana nimezaliwa hapo lakini mto ukijaa vile unajiona mdogo kama siafu. Nikaenda kisimani, maji yana chumvichumvi na tope. Nikaenda kwenye tangi la mvua la msikitini, nikafunua kifuniko, chura akanitazama. Kuchemsha je? Nilikufikiria, lakini mimi huyohuyo niliyekuwa nachemsha maji tangu alfajiri mpaka magharibi nikaona kuchemsha ni mambo ya kila siku, na mgeni wa Maskati hapewi mambo ya kila siku. Nikamwagiza kondakta maji ya chupa, akaniletea katoni kwa katoni.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu mgeni akifika anapewa maji kwanza, na ukiyakataa maji ya nyumba umeikataa nyumba. Mama alipoziona katoni akakaa kitako mlangoni.

"Zuhura, mmenunua maji?"

"Ya mtoto, mama."

"Mto uko nyuma ya nyumba. Watu watasema Rehema kaenda Uarabuni kajifunza kututemea mate."

Nikaona kweli. Basi nikafanya jambo dogo tu, wallahi dogo: nikazimimina zile chupa zote kwenye dumu jeupe jipya, chupa tupu nikazisukuma uvunguni, dumu nikalifunika kanga nikaliweka chumbani kwa mama. Dada alipofika sikumwambia kwamba maji ya mtoto yako kwenye dumu lile. Yeye alikuwa ananiona kila asubuhi nikimletea Salha kikombe chake kimejaa, akaniambia, "Mdogo wangu, kwa maji nimetulia," nami nikazidi kuvimba.

Siku ya pili yake akaja Bi. Tatu. Huyu ni jirani yetu, mjane, mtu mzima sana, ndiye aliyemzalisha mama watoto wote. Akaingia moja kwa moja chumbani (hakuna mlango wa Mohoro unaomsubirisha Bi. Tatu), akaliona dumu limefunikwa kanga nzuri, akanitazama mimi nilivyolisimamia kama askari.

"Hayo maji mliyoyafunika hivi ni ya wapi? Kaja nayo Rehema?"

Nikaivuta kanga ikalifunika dumu vizuri zaidi.

Akashusha sauti. "Ni ya Zamzam?"

Jibu lilikuwa moja tu, hapana. Lakini nikisema hapana atauliza basi ni ya nini, nami nitasema ni ya kununua, na jioni mji mzima utajua tumeyakinai maji ya kwetu. Nikasema, "Bismillahi, Bi. Tatu, karibu ukae." Hilo ndilo neno nililolisema, sikuongeza. Yeye akaligusa dumu kwa ncha za vidole, akajipangusa uso, akatoka bila kukaa.

Nikafurahi, nyie, nikajiona nina akili. Nikasema sasa dumu limepata ulinzi, nani atachota ovyo maji ya Zamzam?

Siku ya maulidi watu wakaja wengi kuliko sufuria zetu. Wanaume wamejaa barazani, wanawake uani, Maalim anasoma, udi unafuka, na mimi nazunguka na birika nikijiuliza mbona leo kila mtu kaja na kikombe cha kahawa mkononi. Sikuelewa mpaka dua ilipokwisha na Maalim akasafisha koo.

"Ndugu zangu, nyumba hii imepata hishima ambayo wengi wetu tutakufa hatujaipata. Binti yetu Rehema katufikishia maji ya kisima kitukufu. Zuhura, mama, lete dumu, kila mtu apate japo funda."

Jamani! Nilitazama mlangoni nikimtafuta dada, yuko jikoni nyuma na mashangazi wanapakua pilau. Nikajiambia nitawapa tone tone, litabaki la mtoto, halafu kesho nitaagiza mengine. Nikasahau kwamba mto ulikuwa umeshapanda na pantoni ya Ndundu imesimamishwa tangu juzi, hakuna gari wala mtu anayevuka. Nikalibeba dumu.

Hapa sasa ndipo mnicheke, lakini mkishacheka mnisikilize. Wale watu walinyamaza. Mohoro, ambako hata msibani watu wanabishana bei ya ufuta, ilinyamaza. Mtu anapokea kikombe kwa mikono miwili, anasimama, anaelekea kibla, anafumba macho, midomo inacheza, halafu ndipo anakunywa, taratibu, kama anayeshusha mzigo. Mzee Matimbwa, ambaye miguu ilimkatalia miaka, aliweka mkongojo chini akasimama peke yake. Mwanamke mmoja asiyejaliwa mtoto alikunywa akalishika tumbo lake, nikageuza uso. Nilijua maji yale yametoka dukani, nilizifungua chupa zake kwa mikono yangu, na bado nywele zilinisimama. Sijapata kuona watu wakiomba vile, wala sikuwa nimejua kwamba majirani zangu walikuwa wamebeba haja nzito kiasi hicho huku wananiamkia kila siku wanacheka.

Halafu nikainua macho, nani yuko mbele yangu na kikombe? Dada Rehema. Kasikia habari huko jikoni, kaja na mikono inanuka pilau, machozi yamemjaa.

"Zuhura, mdogo wangu, mimi nakaa hukohuko upande wa Maka na sijayapata. Wewe umeyatoa wapi?"

"Kunywa, dada," nikamwambia, maana ningesema nini?

Akasimama, akaelekea kibla, akasema kwa sauti ya kusikika, "Ya Rabbi, mwanangu asiumwe tena," akayanywa maji ya mwanawe mwenyewe. Nilimmiminia nikiona chini ya dumu panaanza kung'aa.

Na mwenye maji naye akaamka. Salha katoka chumbani anafikicha macho, jua la adhuhuri, mtoto ana joto, akapita katikati ya miguu ya watu akanishika gauni. "Mama mdogo, hayo maji yangu. Wale wanakunywa maji yangu."

Watu wakacheka kwa upole. Mmoja akasema, "Mtoto wa Maskati huyo, kwao Zamzam ndiyo ya kupikia uji." Hata dada akacheka. Ningeweza kuokoka hapo, nawaambieni kweli, maneno ya mtoto yalishapita na upepo, nami nilishaanza kulifunga dumu.

Ndipo Bi. Tatu akanyanyuka. Hakuja na kikombe. Alikuwa na furushi kwapani, akalifungua juu ya mkeka mbele yangu: bafta nyeupe, imekunjwa, ina harufu ya karafuu. Kila mtu pale alijua ni nini, kwa sababu kwetu mtu mzima anajiwekea sanda yake mapema asije akawahangaisha watu.

"Mimi mwanangu sina haja ya kunywa," akasema. "Nimeyanywa ya mto umri wangu wote na yamenitosha. Nichovyee hii tu, hayo ya mwisho. Nilipoliona dumu lile nilirudi nyumbani nikalia, nikasema Mungu hakunisahau."

Akaishika ncha ya ile nguo, akanisogezea.

Mimi ni mwongo mdogo, wa kunyamaza na kukaribisha watu ndani. Lakini mtu azikwe na uongo wangu mwilini? Nikaliweka dumu chini.

"Bi. Tatu, usiichovye," nikasema. "Si Zamzam. Ni maji ya dukani, ya Dar, niliyanunua ya mtoto. Niliona haya kusema."

Maalim alisema subhanallah halafu akashughulika na kilemba chake. Mzee Matimbwa, aliyekuwa bado amesimama, akajitazama miguu, akaomba mkongojo wake, akakaa. Kule barazani kijana mmoja akapasuka kicheko, akanyamazishwa. Mama alijifunika kanga uso mzima. Lakini dada hakuwa anatazama watu, alikuwa anatazama dumu.

"Ni ya Salha?" akaniuliza. "Yamebaki mangapi?"

Nikaliinamisha. Yalibaki ya kulowesha ulimi.

"Na pantoni haivuki," akasema, akaketi chini pale pale, akampakata mwanawe. Hakunitukana. Angenitukana ingekuwa nafuu. Mtoto akasema tena, taratibu, "Mama, nina kiu," nami nikaelewa kwamba aibu ni kitu kidogo sana ukiwa umewanywesha watu wengine maji ya mtoto wa mtu.

Bi. Tatu alikuwa bado ameshika ile ncha.

"Nilikuuliza, ukanikaribisha kitako," akasema, na wanawake wawili watatu wakashindwa kujizuia, wakacheka. "Haya. Mtoto ana kiu. Wewe kazi yako nini huko Ikwiriri?"

"Nauza chai."

"Chai inaiva kwa maji mabichi?"



Akaiuma ile bafta kwenye ukingo, akaichana, kipande kizima cha pembeni, mlio wake niliusikia mpaka kwenye meno. Dada akasema, "Bi. Tatu, hiyo si nguo ya kuchana," naye akasema, "Kwani nguo safi kuliko hii hapa Mohoro ni ipi? Haijavaliwa na aliye hai hata mmoja. Nendeni kisimani."

Wanawake wakainuka. Sufuria ya pilau ikasuguliwa kwa jivu mpaka ikawa kioo, ndoo zikaja, kipande cha sanda kikatandazwa mdomoni mwa ndoo, maji yakapita polepole, tope likabaki juu na chini yakashuka yanayoangaza. Wakanipa kuni. Nikachemsha, jamani, nikachemsha kama sijawahi kuchemsha, Maalim mwenyewe ananipepelea moto, maji yakatokota na nikayaacha yatokote mpaka wakaniambia basi, yakapozwa ndani ya mtungi wa Bi. Tatu uliofukizwa ubani.

Salha akapewa kikombe. Akakishika kwa mikono miwili. Halafu, kwa kuwa ndivyo alivyowaona watu wazima wakifanya mchana kutwa, akasimama, akageuka kule walikogeukia wao, akafumba macho. Ua zima likanyamaza tena, kimya kilekile, na safari hii hakuna aliyekuwa anadanganywa. Akanywa mpaka chini, akasema yananukia moshi, anataka tena.

Hakuumwa. Alikaa kwetu mpaka mto ukashuka, akinywa ya kisimani yaliyochujwa na kuchemshwa na mama yake mdogo, akarudi Maskati mashavu yamejaa.

Dada alipokuja tena, miaka kadhaa baadaye, alikuwa amepitia umra, na alikuja na Zamzam ya kweli, akaenda nayo kwa Bi. Tatu kabla hajaweka mizigo chini. Bibi akaitoa bafta yake, tukaichovya yote, mimi nikiwa nimeshika upande mmoja. Kisha akaleta kile kipande alichokichana siku ile, amekifua lakini rangi ya tope haikutoka yote. Nikataka kukichovya nacho, akanizuia mkono.

"Hicho acha," akasema. "Kimeshapata chake."

Na ndivyo alivyozikwa nacho. Mimi tangu hapo nimeapa, mtu akiniuliza maji haya ni ya wapi, hata awe mtoto, hata awe mlevi wa stendi, namtajia kisima, kuni na saa niliyoyainjika motoni, na simkaribishi mtu kukaa mpaka nimeshamjibu.