Kadi ya Mpaka wa Chemchemi

Siku moja ninayoikumbuka sana, mwanangu, ni ile Kariuki wa Ndegwa alipoketi mezani kwangu hapa Gatitu akaniambia kadi yangu imekufa. Alisema haraka mno. Mtu akitangaza kifo haraka hivyo, mimi huuliza kwanza habari kaipata wapi.

Kadi yenyewe ni ile ndogo ya kamera. Ndani yake kulikuwa na video ya siku tulipopanda matoka, yale maua ya mpakani, kati yetu na Ndegwa, baba yake Kariuki. Mume wangu Mathenge alikuwa hai. Gichuki wa Kanyi alikuwepo, Njoroge fundi pia, na wote sasa wako mchangani. Aliyepiga video ni Hussein wa Nanyuki, muuza mbuzi ambaye pia hupiga picha za harusi. Mathenge alipokufa, Ndegwa aling'oa matoka akasema chemchemi ni yake. Wazee wangekaa kesho yake asubuhi kuamua. Bila ile video ningekuwa na mdomo tu, na mdomo wa mjane husikilizwa nusu.

Mjukuu wangu Wangari alileta kompyuta yake ya chuo. Haina ile Windows ya maofisini, inatumia Linux. Akachomeka kidude cha kusomea kadi kwenye tundu la USB. Taa ikawaka, lakini kwenye kioo hakikutokea kitu. Kariuki, ambaye anasoma naye, alikuwa amepita kusalimia, ati. Siku hiyo, kati ya siku zote!

"Cucu, hii imeharibika," akaniambia, maana huniita bibi kama Wangari anavyoniita. "Tuifomati, itakuwa kama mpya."

"Kufomati ndiyo kufanya nini?"

"Ni kuisafisha tu."

"Kwani ina matope?"

Wangari akacheka. "Cucu, ni kufuta kila kitu."

Nikamtazama Kariuki. Nilipokuwa msichana, bibi yangu Wangeci alimkuta binamu yangu Nyaguthii akitaka kumwaga mbegu zilizopakwa majivu zisiliwe na wadudu. Akamkemea: "Huzijui, basi ushasema zimeoza?" Sauti hiyo ndiyo niliyoisikia pale mezani.

Nikamwambia Wangari aichomoe kadi, ashushe ule ulimi mdogo ulio ubavuni mwake. Hussein alinionyesha siku aliponipa kadi: ukishushwa, kadi inasomwa lakini haifutwi. Wangari akashangaa kwamba najua, akaushusha, akairudisha kadi.

Nikaenda jikoni kuepua chai. Wangari naye akatoka nje na simu kutafuta mtandao. Niliporudi, Kariuki alikuwa peke yake, vidole viko kwenye kompyuta. Wangari akaingia nyuma yangu, akasoma kioo.

"Kariuki, umejaribu kuifomati?"

"Nilikuwa najaribu kuona tu."

"Kuona nini? Imekukatalia. Imefungwa."

Chai hakuinywa. Alisema mama yake anamwita. Mimi masikio yangu bado ni mazima, na sikusikia mtu akiita.

Wangari akakaa, akaiandikia kompyuta maswali, ikamjibu. "Cucu, kidude inakiona. Hata kadi inaiona, na ukubwa wake. Ila haijui namna kamera ilivyopanga vitu ndani. Inataka programu ndogo inayoitwa exfat."

"Kwa hivyo haijafa?"

"Haijafa. Kompyuta ndiyo haijafundishwa kuisoma."

Akaipakua kwa bando la simu, akachomoa kidude, akakichomeka tena. Kadi ikafunguka. Nilimsikia Mathenge akikohoa kabla sijamwona, nikashika meza.

Kesho yake wazee walimwona Ndegwa mwenyewe kwenye kioo, akicheka na kushindilia udongo kwenye shina la toka, ng'ambo ya chemchemi, upande wake. Hakuna aliyemuuliza swali. Chemchemi ikabaki kwetu.

Je, Kariuki alitumwa, au hakujua tu? Mpaka leo sijui. Ananisalimia, namwitikia. Kompyuta simwachii.

Basi sikia, mwanangu. Mtu akishindwa kusoma kitu chako, asikufanye uamini kwamba ndani ni patupu. Muulize kompyuta inaona nini na inakosa nini. Akikosa jibu, rudisha kadi yako mfukoni. Usimruhusu afute kitu ambacho ameshindwa kukisoma. Mkipata kuifungua, nakili kwanza mahali pengine, na mahali pengine tena, ndipo wengine waguse. Anayekwambia anasafisha, mwambie akuonyeshe kitakachobaki. Na usimwite mtu mwizi kama hujui. Wewe kaa tu karibu na kitu chako, hata chai ikichemka ikamwagika.

Nyoosha viganja nikutemee mate ya baraka. Mungu wa mlima akupe maji yasiyokauka na majirani wanaokumbuka vizuri, na jina lako litajwe na watoto wa watoto wako. Nenda salama.