Mikono Miwili ya Adelaïde

Mwaka wa 1955, asubuhi za shule ya wakunga ya misheni zilianza kwa mvuke. Sufuria ya vyombo vya kuzalishia ilichemka kando ya dirisha, ukungu wa milima ya Masisi ukaingia kuungana nao, na Adelaïde, binti wa wakulima wa maharage wa Burungu, akasimama katikati asijue kama yuko darasani au bado yumo usingizini. Alipenda saa hiyo. Ndani ya weupe ule alijiona tayari ni mkunga, kitambaa cheupe kichwani, akinamama wakimwita kutoka kilima hadi kilima.

Kilichomwamsha kila mara ni pensi, koleo dogo la chuma lililochemshwa. Mwalimu wao, mtawa waliyemwita Masera Elisabeth, alimnyooshea, naye Adelaïde akainama kidogo na kuipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa na mama yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mkono wa pili uligusa ncha isiyopaswa kuguswa na mtu, na usafi wote ukaishia hapo.

Masera aliandika tu daftarini kwa kalamu nyekundu. Samaki mkunje angali mbichi, lakini bibi huyu alimwacha akauke mpaka Jumamosi, kisha akasoma makosa kwa sauti mbele ya wasichana wote. "Adelaïde, mikono mbili. Uvivu ya kushika somo." Jumamosi iliyofuata, vilevile. Kosa likisomwa mara ya tatu, mwanafunzi hufunga virago. Adelaïde aliliona jembe la nyumbani likimngojea ukutani, na masikio yakamwaka moto.

Ijumaa walikuwa wawili tu, wakikunja bandeji. Ukungu ulikuwa mzito hata ua haukuonekana, na labda ndio uliompa ujasiri.

"Masera, unisamehe. Kosa yangu uniambie palepale, mu sikio. Mbele ya bantu niko nasikia haya tu, somo siisikie hata."

"Na juu ya nini mikono mbili kila siku?"

"Kwetu, kupokea kitu ya mukubwa na mukono moja njo kumuzarau."

Bandeji ilimponyoka Masera, ikafunguka sakafuni. "Miye nilizania uko muvivu," alisema, uso ukiwa mwekundu kuliko kalamu yake.

Tangu siku hiyo hakumnyooshea tena. Aliiweka pensi kwenye sahani, na Adelaïde akaichukua mwenyewe, kwa mkono mmoja. Akikosea, mnong'ono ulifika sikioni kabla mvuke haujatawanyika. Alilala na minong'ono hiyo, akaamka nayo, na mikono ikajifunza taratibu. Alikuwa na furaha, jamani, furaha ya mtu aliyesahau kuogopa.

Siku ya kumaliza masomo, wazazi walijaa mabenchini, baba yake Sebarenzi akiwa mbele na koti la kuazima. Masera alimnyooshea Adelaïde kitambaa cheupe. Kwa mazoea ya mwaka mzima, akanyoosha mkono mmoja. Kwenye benchi, Sebarenzi aliinamisha macho.

Masera akasogea kama anayemrekebishia kola, akamnong'oneza sikioni:

"Mikono mbili, mutoto wangu. Baba yako iko naangalia."